E-Type ya 1962: cheti cha kiwanda kipo, kibati cha bodi hakipo. Nisomeje haya makaratasi?

Spana_13:

Wakuu, habari za majukumu. Naomba mnisaidie kusoma makaratasi ya gari moja kabla sijakubaliana bei na mwenye nalo.

Ni Jaguar E-Type 3.8 isiyo na paa, inauzwa Uingereza kama ya 1962, usukani uko kulia. Muuzaji ametuma picha ya cheti cha Jaguar Daimler Heritage Trust (JDHT) na picha za namba. Nimeficha tarakimu za mwisho:

Chasisi: cheti 876xxx, kibati cha kwenye chumba cha injini 876xxx, iliyogongwa kwenye fremu ya mbele 876xxx.
Injini: cheti R5xxx-9. Bloku inalingana. Silinda hedi ina namba nyingine kabisa, inaanza na R na mwisho wake ni -8.
Giaboksi: cheti EBxxxxJS. Iliyopo haina namba ya aina hiyo.
Bodi: cheti R3xxx, na kibati cha kwenye chumba cha injini R3xxx. Kile kibati kidogo kinachopaswa kuwa kwenye bodi yenyewe hakipo, yamebaki matundu mawili.
Rangi: cheti Opalescent Silver Blue, sasa ni Carmen Red.
Tarehe: limetengenezwa Juni 1962, likasafirishwa Julai 1962 kwa wakala Jaguar Cars, New York. Kadi ya Uingereza, V5C, inaonyesha lilisajiliwa huko mara ya kwanza 1990.

Muuzaji anasema "namba zote zinalingana". Hilo ni sahihi? Na nikague nini kuhusu bodi? Nawasilisha.

Torsheni:

Mkuu, tuanze na cheti, maana hapo ndipo wengi wanapopigwa. JDHT wanakinukuu kutoka madaftari ya uzalishaji ya kiwanda cha Browns Lane, Coventry. Daftari linasema chasisi fulani ilitoka na injini fulani, bodi fulani, giaboksi fulani, rangi fulani, ikapelekwa kwa wakala fulani. Basi. Hakisemi kwamba gari ulilosimama mbele yake ndilo lililoandikwa siku ile. Kibati cha injini kulingana na cheti nacho si ushahidi wa maana: vibati vipya vitupu vya E-Type vinauzwa kama spea nyingine yoyote, na mwenye cheti mkononi anajua cha kugonga.

Kabla ya kwenda mbali, tazama tarakimu za mwanzo. E-Type za kwanza zisizo na paa zilianzia 850001 kwa usukani kulia na 875001 kwa usukani kushoto. Zenye paa zilianzia 860001 kulia na 885001 kushoto. Kwa hiyo 876xxx lilitoka kiwandani usukani ukiwa kushoto, na New York inakubaliana na hilo. Leo usukani uko kulia, maana yake limegeuzwa. Si dhambi, E-Type nyingi zilizorudi kutoka Marekani zimegeuzwa, ila muuzaji anayesema "namba zote zinalingana" huku amelinyamazia hilo nisingemwamini kwa mengine. Chungulia raki ya usukani, kisanduku cha pedali, silinda za breki na klachi. Halafu angalia upande wa kushoto ulizibwaje zilipotoka pedali: kwa bamba la bolti lililokaa vizuri, au kwa kiraka cha kuchomelea na puti juu yake?

Sasa bodi, ambako ndiko kwenye kazi. E-Type haina chasisi ya chini kama Land Rover. Sehemu ya abiria na ya nyuma ni bodi moja inayojibeba, na mbele yake kumefungwa fremu za mabomba ya chuma ya Reynolds 531 zinazobeba injini na sospensheni. Namba ya chasisi imegongwa juu ya mwamba wa ile fremu ya mbele, upande wa kulia, juu ya mahali shokapu inapofungwa. Umeona tatizo? Namba muhimu kuliko zote imegongwa kwenye kipande kinachofunguka kwa spana. Fremu zikipata ajali au kutu, zinabadilishwa. Fundi mwaminifu anagonga namba ileile kwenye fremu mpya na kuhifadhi kipande cha zamani. Asiye mwaminifu anauza fremu ya zamani yenye namba kwa mtu mmoja na bodi kwa mwingine, na kila mmoja anatengeneza "gari halisi". Hivyo ndivyo chasisi moja inavyozaa magari mawili.

Ndiyo maana kile kibati kidogo kilichokosekana kina uzito kuliko unavyodhani. Ndicho pekee kati ya vyote ulivyoorodhesha kinachofunga bodi na daftari. R ni ya bodi isiyo na paa, V ni ya yenye paa. Matundu mawili matupu yanaweza kumaanisha kilitolewa wakati wa kupiga rangi kikapotea. Yanaweza pia kumaanisha kilitolewa kwa sababu kilisema namba nyingine.

Cha kufanya: fuata rangi. Fremu za mbele za E-Type zilipigwa rangi ya gari, si nyeusi. Tafuta sehemu iliyochubuka, mfano kwenye masikio ya kufungia injini au chini ya klampu za nyaya, uitazame kwa lenzi na tochi. Fremu ya 1962 ya gari hili inapaswa kuonyesha nyekundu juu, chini yake bluu ya fedha, chini yake praima. Ukikuta nyekundu, kisha praima ya kijivu, kisha chuma, basi ama fremu ni mpya ama ilichunwa hadi chuma. Kwenye bodi fanya hivyohivyo pale wapiga rangi wanapofanya uvivu: chini ya mbao za sakafu ya buti, nyuma ya tangi la mafuta, chini ya dashibodi, nyuma ya mapambo ya milango. Ukikuta kijani au nyeupe chini ya nyekundu na hakuna bluu ya fedha popote, bodi hiyo huenda si ya R3xxx.

HediGasketi:

Naongezea upande wa injini na giaboksi.

Namba ya injini ya 3.8 iko sehemu mbili: kwenye bloku upande wa kulia, juu ya filta ya oili, na mbele ya silinda hedi. Tarakimu baada ya kistari ni uwiano wa mgandamizo: -9 ni 9 kwa 1, -8 ni 8 kwa 1. Mgandamizo unaamuliwa na pistoni, kwa hiyo hedi ya -8 juu ya bloku ya -9 haitaharibu chochote. Inakwambia tu kwamba hedi ilitoka kwenye injini nyingine. Kwa kuwa namba yake inaanza na R, angalau ni ya E-Type. Ingekuwa LA ningekwambia imetolewa kwenye Jaguar Mark 2 ya 3.8, ambayo hedi yake ni ya aina tofauti. ZA ni Jaguar Mark X. Hedi za aluminiamu zinaliwa na maji yasiyo na kizuia kutu na zinapinda gari likichemka, kwa hiyo hedi iliyobadilishwa baada ya miaka 60 haimshangazi mtu.

Bloku ndiyo ya kukagua kwa makini, kwa sababu kugonga upya ni kazi ya nusu saa. Safisha pale penye namba kwa thina na kitambaa, usitumie msasa. Mulika tochi kutoka ubavuni, mwanga ulale juu ya chuma. Unatafuta mistari ya grenda inayoishia ghafla pembeni ya namba, eneo lililo chini kidogo kuliko jirani yake, kivuli cha tarakimu ya zamani chini ya mpya, au herufi zilizopangana kama zimepigiwa rula. Kisha weka karatasi nyembamba juu yake, sugua kwa penseli laini, uondoke na nakala. Picha ya simu inadanganya kina, nakala ya penseli haidanganyi. Fanya hivyohivyo kwenye fremu, halafu linganisha umbo la 3, 6 na 8 na magari yenye namba za jirani. Tovuti ya XKEdata ina picha za magari mengi yaliyopangwa kwa chasisi.

Giaboksi ya 3.8 ni Moss ya gia nne, gia ya kwanza haina sinkro. Namba yake iko kwenye bega la nyuma kushoto la kasha, na tena kwenye mfuniko wa juu. Hiyo iliyopo ukiiweka gia ya kwanza gari likitambaa na ikaingia bila kukwaruza, ni ya 4.2 au ya gia tano ya kisasa. Binafsi ningefurahi, inaendesheka vizuri zaidi. Ila uliza Moss ya zamani iko wapi. Ikiwa gereji chini ya meza, iingizwe kwenye mauzo.

Halafu soma vitu vidogo. Vifaa vya Lucas, yaani dainamo, stata na distribyuta, vimegongwa mwezi na mwaka kwenye kasha. Gari la Juni 1962 lingekuwa na vifaa vya miezi michache kabla yake. Ukikuta 11 64 (Novemba 1964) si kosa, kimebadilishwa. Ukikuta vyote vitatu vya 1964, jiulize vimetoka gari gani.

Kabrasha:

Kwa upande wa makaratasi:

Muuzaji aagize cheti kipya cha JDHT kwa jina lake, akuletee nakala halisi. Picha ya cheti inachakachuliwa na mtoto wa shule. Aandae kadi ya gari na picha ya namba, kwa sababu hawagawi taarifa hizi kwa mpita njia.

Namba ya usajili iliyo kwenye V5C isikuvutie. Gari lililoingia Uingereza 1990 hupewa namba inayoendana na umri wake. Kwa gari la 1962 ni namba isiyo na herufi ya mwaka, kwa sababu herufi hizo zilianza 1963. Inaonekana ya kale lakini ilitolewa 1990. Gari hili halikuwahi kuwa na namba "yake" ya Uingereza tangu mwanzo. Akikuambia ni ya asili, ujue hajui au anajua sana.

Kwa hiyo pia usihangaike na vijitabu vya zamani vya usajili. Hivyo, yaani RF60 na VE60, vilitolewa na kaunti kabla ya usajili kuhamia mamlaka ya taifa ya magari (sasa DVLA) kule Swansea 1974. Kwa gari lililobaki Uingereza ni dhahabu: kila mabadiliko ya mmiliki, rangi au injini yana muhuri na tarehe. Baadhi ya madaftari ya kaunti yapo kwenye ofisi za kumbukumbu, mengine kwenye hifadhi ya Kithead Trust, na mengi yalitupwa. Anayetaka kurudisha namba ya zamani iliyopotea anatumia fomu ya V765 kupitia klabu iliyoidhinishwa. Lako lilikuwa New York, huko hutakuta kitu.

Mnyororo wako ni huu: hati ya umiliki ya jimbo la Marekani, hati ya meli, fomu ya forodha ya 1990, maombi ya usajili DVLA, kisha vyeti vya MOT (ukaguzi wa usalama wa gari) mwaka kwa mwaka. Kwenye hati ya Marekani soma namba iliyoandikwa, si mwaka tu. Majimbo mengine zamani yalisajili gari kwa namba ya injini, na mwaka unaweza kuwa wa kuuzwa badala ya kutengenezwa, ndiyo maana gari la 1962 linaitwa 1963 kwenye karatasi bila hila yoyote. MOT kuanzia 2005 zinaonekana mtandaoni, za nyuma zaidi ni karatasi alizonazo mmiliki. Panga maili zake kwa tarehe kwenye karatasi moja. Zikirudi nyuma, kuna spidomita iliyobadilishwa.

Fomu ya V888 ya kuomba taarifa za gari DVLA inahitaji sababu ya msingi. Udadisi wa historia usitegemee wakupe majina ya wamiliki waliopita.

Mlango_Mmoja:

Samahani kuingilia uzi. Nina MGB GHN3, injini ina kibati kinachoanza 48G wakati cheti kinasema 18GB. Nimepigwa?

Kabrasha:

Hapana, mkuu. 48G ni injini ya kubadilishana iliyofanyiwa matengenezo na BMC, kampuni mama ya MG, wenyewe waliiita Gold Seal. Ya zamani ilirudishwa, mpya ikaja na kibati chake. Ni sehemu halali ya maisha ya gari. Ungekuta 18GB mpya inayong'aa, imepigiliwa ribiti za jana, yenye namba sawasawa na ya cheti, hapo ndipo ungepaswa kuogopa. Cheti cha MG ya kuanzia MGA kinatoka British Motor Industry Heritage Trust pale Gaydon, na kinakutajia pia tarehe ya kutengenezwa, rangi, na vifaa kama overdrive au magurudumu ya spoki. Magari yaliyotoka Abingdon, kiwanda cha MG, kama vipande vya kuunganishwa nje, mfano MGB za Australia, usitegemee undani huo. Wenye Triumph TR nao wakumbuke: namba ya kamisheni iko kwenye kibati tu, haikugongwa kwenye chasisi, kwa hiyo ribiti na rangi chini ya kibati ndiyo ushahidi wenyewe.

HediGasketi:

Na wenye Austin-Healey 100, cheti cha Gaydon kinaokoa fedha nyingi. 100M, toleo lenye vifaa vya Le Mans, za kiwandani ni 640 na zote ni za mfululizo wa BN2, si BN1 ya mwanzo. Ila vifaa vya Le Mans (karbureta za SU H6 za inchi 1¾ na vinginevyo) viliuzwa pia kwa wakala, mtu akafunga kwenye BN1 yake. Boneti yenye matundu na mkanda wa ngozi haikufanyi uwe na 100M. BN1 inayouzwa kama "100M ya kiwanda" ni uongo hata kabla hujafungua boneti.

Spana_13:

Shukrani wakuu. Nimemtuma mkaguzi. Majibu:

Chini ya mbao za buti na chini ya dashibodi: nyekundu, kisha bluu ya fedha, kisha praima. Hakuna rangi nyingine.
Fremu ya mbele: nyekundu, praima ya kijivu, chuma. Hakuna bluu popote, hata chini ya klampu. Namba imegongwa wima sana na kwa kina kimoja.
Bloku: haina mistari ya grenda, kuna kutu nyepesi ndani ya tarakimu.
Giaboksi: ya kwanza ina sinkro.
Muuzaji, alipoulizwa, amekumbuka kwamba fremu ilibadilishwa 1991 na kipande cha zamani "kipo mahali".

Torsheni:

Afadhali. Bodi ya bluu ndani inaendana na cheti. Angalia nimesema inaendana: Silver Blue ilipigwa kwenye magari mengi, rangi haina namba. Lakini bodi ya bluu, bloku safi yenye kutu ndani ya tarakimu, na usajili wa mwaka mmoja kabla ya fremu mpya, vinaelekea upande mmoja.

Kilichobaki ni hicho kipande "kipo mahali". Kinapaswa kuwa na bluu ya fedha ileile chini ya nyekundu au chini ya uchafu, na namba iliyogongwa kwa mkono wa kiwanda. Mkaguzi akisugue kwa penseli na kukipiga picha karibu na rula. Omba pia risiti ya fremu ya 1991. Kisipopatikana gari linaweza bado kuwa halisi, ila bei ishuke, kwa sababu utakapoliuza wewe mnunuzi wako atauliza swali hilihili nawe utakuwa huna jibu. Kikipatikana, kisafiri na gari, kisibaki gereji ya mtu.

Tafuta vilevile kama kuna gari lingine duniani linalotumia 876xxx hiyo. Pitia XKEdata, waulize klabu za Jaguar za Uingereza na Marekani, tafuta matangazo ya mnada ya zamani kwa namba kamili. Ukikuta jingine, simamisha kila kitu.

Halafu neno "namba zote zinalingana" litoke kwenye mkataba. Badala yake iandikwe, na asaini: gari lilitoka kiwandani usukani kushoto, limegeuzwa kulia, bloku ni ya asili, silinda hedi si ya asili, giaboksi si ya asili, fremu ya mbele ilibadilishwa 1991 na namba ikahamishwa, kibati cha bodi hakipo, rangi imebadilishwa kutoka Opalescent Silver Blue.

Spana_13:

Amekubali kusaini yote isipokuwa la kibati cha bodi. Anasema atanunua kipya akigonge namba kabla ya kukabidhi.

Torsheni:

Mwambie aache matundu yabaki wazi. Na mkaguzi ayapige picha leo, kabla hajapata muda wa kwenda dukani.